Runinga ya Mtumba na Farasi Mwenye Chongo



Minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba na malipo yakaanza kuwafikia wakulima, nyumba nyingi za Newala na Masasi hupata nafasi ya kununua vitu ambavyo havinunuliki katika miezi mingine ya mwaka. Wengine huezeka bati, wengine hulipa madeni ya ada, wengine hununua pikipiki. Na wapo wengi wanaonunua runinga bapa, ile ambayo mitaani huitwa "flati". Kwa kuwa mpya ina bei kubwa, huchukua ya mtumba, iliyokwisha kutumika ng'ambo au mjini.

Juma hili tumeona vema tuizungumzie runinga hiyo. Huenda msomaji akajiuliza padre ana lipi la kusema juu ya vioo na waya. Jibu ni kwamba ugomvi unaozaliwa na runinga za mtumba hufika hadi mlangoni pa parokia. Mnunuzi husema: "Ameniuzia kitu kibovu." Muuzaji hujibu: "Aliiona ikiwaka, akaridhika, akalipa." Nasi tunapozisikiliza pande zote mbili, mara nyingi tunakuta kwamba kila mmoja anasema kweli. Runinga iliwaka. Mnunuzi aliitazama. Kasoro ilikuwapo tangu mwanzo. Hakuna aliyetamka neno la uongo, na hata hivyo mtu mmoja amepoteza fedha ya msimu mzima.

Inawezekanaje? Maoni yetu, ambayo tutajaribu kuyatetea hapa chini, ni kwamba katika biashara ya runinga za mtumba kasoro haihesabiki kuwa imeonekana mpaka iwe imeonyeshwa, na kwamba wajibu wa kuionyesha ni wa muuzaji kabla haujawa wa mnunuzi. Lakini ili tufike huko kwa haki, hatuna budi kwanza kuzielewa kasoro zenyewe, maana siyo zote zina uzito mmoja, na nyingine si za runinga kabisa.

KIOO KIMEUNDWAJE

Picha ya runinga bapa imefanywa kwa nukta ndogo sana zilizopangwa kwa safu, ambazo wataalamu huziita pikseli. Kioo cha kawaida cha runinga ndogo kina nukta 1,366 kwa mlalo na 768 kwa wima, yaani jumla ya nukta 1,049,088. Kioo kile kinachoandikwa "Full HD" kina nukta 1,920 kwa 1,080, jumla 2,073,600. Tena kila nukta imegawanyika sehemu tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kwa hesabu hiyo kioo cha Full HD kina vijisehemu 6,220,800, na kila kimoja kina transista yake ndogo inayokiamuru.

Nukta hizo hazitoi mwanga zenyewe. Nyuma yake kuna taa, na mbele ya taa kuna kimiminika maalumu ambacho umeme ukikigusa hujigeuza, kikaupitisha mwanga au kikauzuia, mithili ya mapazia madogo yanayofunguliwa na kufungwa. Katika runinga za zamani taa hizo ni mirija myembamba yenye zebaki ndani yake. Katika za karibuni ni vitaa vya LED. Anayeuziwa "LCD" na anayeuziwa "LED", kwa sehemu kubwa wananunua kioo cha aina moja chenye taa tofauti.

Tumeyaeleza haya kwa sababu ya msingi. Mtu asiyejua kwamba nukta ni kitu kimoja, taa ni kitu kingine, na mawimbi yanayoleta picha ni kitu cha tatu, ataita kila tatizo "kioo kimekufa". Na anayeamini kwamba kioo kimekufa huwa tayari ama kuitupa runinga inayotengenezeka, ama kumlipa fundi kwa kazi ambayo haikuhitajika.

KASORO TANO, NA TOFAUTI ZAKE

Kasoro ya kwanza siyo ya runinga. Picha inakatika vipande vya mraba, inaganda, sauti inakwaruza, kisha inarudi. Wengi huona miraba ile wakadhani ni pikseli zinazokufa. La hasha! Ni mawimbi hafifu. Enzi za analojia, ambazo zilianza kufungwa nchini kwa kuzimwa mitambo ya Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mawimbi yakipungua tuliona chengachenga, nasi tukaendelea kutazama hivyo hivyo. Katika dijitali hakuna chenga: picha ni safi, au inavunjika miraba, au haipo. Jiografia yetu inachangia pia. Newala iko juu ukingoni mwa uwanda, Masasi iko chini katikati ya vilima vya miamba, na kijiji kilichojificha nyuma ya mteremko hakiwezi kupokea mawimbi ya mnara kama kijiji kilicho mahali pa wazi. Wenye ungo nao huona picha ikikatika mvua kubwa inaposhuka, kwa kuwa maji hayo hunyonya mawimbi ya setilaiti. Dawa yake ni kuielekeza upya antena au ungo, kukaza viungo vya waya na kubadili waya uliooza. Ukitaka uhakika, fungua menyu ya runinga yenyewe kwa rimoti. Menyu ikitokea safi juu ya picha iliyovunjika, runinga yako haina hatia.

Kasoro ya pili ndiyo ya nukta kwa maana halisi. Iko nukta iliyokufa, ambayo huwa nyeusi daima. Iko nukta iliyokwama, ambayo hung'ang'ania rangi moja, nyekundu, kijani au buluu. Na iko ile iliyobaki nyeupe wakati wote. Nukta iliyokufa haifufuki. Iliyokwama huweza wakati mwingine kuachia iwapo runinga itaonyeshwa video ya rangi zinazobadilika haraka haraka kwa nusu saa au kwa saa kadhaa. Video za namna hiyo zinapatikana kwa urahisi, zinawekwa kwenye flashi, na kuijaribu hakuna gharama. Hakuna awezaye kuahidi kwamba itafaulu. Lakini ile desturi ya kuikandamiza nukta kwa kidole gumba au kwa kifuniko cha kalamu tunaipinga, kwa sababu tatizo la nukta moja huweza kugeuka kuwa la nukta hamsini.

Ni vema pia ikaeleweka kwamba nukta mbili tatu mbovu si ajabu hata katika kioo kipya. Kanuni ya kimataifa ya ISO 13406-2 ya mwaka 2001, ambayo tangu 2008 nafasi yake imechukuliwa na mfululizo wa ISO 9241, iliviweka vioo katika madaraja. Katika daraja la pili kiliruhusiwa, kwa kila nukta milioni moja, kuwa na nukta mbili zinazowaka daima, mbili zilizo nyeusi daima, na vijisehemu vitano vyenye hitilafu. Kwa hiyo kiwanda kiliweza kuuza kioo cha nukta milioni mbili chenye nukta nyeusi nne, na kikawa kizima kwa mujibu wa kanuni. Mnunuzi wa mtumba anayeikataa runinga nzuri kwa ajili ya nukta moja pembeni anadai usafi ambao hata aliyeinunua mpya huenda hakupewa.

Kasoro ya tatu ni mistari. Mstari mmoja wa wima kutoka juu hadi chini, au wa mlalo kutoka upande hadi upande, hauwi wa nukta iliyokufa. Ni safu nzima iliyokosa amri. Pembezoni mwa kioo kuna tepe nyembamba zinazopeleka amri hizo, zilizogandishwa kwa joto na mgandamizo juu ya kioo. Joto la miaka mingi, unyevu na mtikisiko wa safari huzibandua. Ukigusa taratibu ukingo wa fremu na mstari ukatokea au ukatoweka, mara nyingi tatizo ni hapo. Kuzigandisha upya kunahitaji mashine maalumu, ambayo si kitu cha kukutwa katika kibanda cha fundi wa mtaani. Ikiwa mistari ni mingi na imeenea kioo kizima, au rangi zote zimevurugika, kuna matumaini zaidi: huenda ni ile bodi ndogo ambayo mafundi huiita "tikoni", au waya wake umelegea, na hiyo hubadilishika. Lakini mstari mmoja uliotulia, mnunuzi auhesabu kuwa wa kudumu, na kwamba huenda ukazaa mwenzake.

Kasoro ya nne ni ya taa za nyuma. Sauti ipo, picha haipo, kioo ni giza. Zima taa za chumbani, washa tochi ya simu, uimulike kwa kuinamisha karibu na kioo. Ukiona picha kwa mbali kama kivuli, kioo ni kizima na taa ndizo zilizokufa. Vitaa vya LED vimeungwa kwa mfuatano katika vipande. Kimoja kikikatika, kipande kizima huzimika, na mara nyingi runinga yote hujizima ili kujilinda. Ukiona madoa meupe ya duara yanayong'aa, hizo ni lenzi ndogo zilizobanduka juu ya vitaa kwa gundi kuchoka. Ukiona picha yote imekuwa ya zambarau au buluu, vitaa vimezeeka. Yote haya fundi mwangalifu anaweza kuyatengeneza kwa gharama ya kiasi. Hatari iliyopo ni kukivunja kioo wakati wa kukitoa, kwa hiyo afadhali fundi mwenye mikono miwili ya kumsaidia kuliko mwenye haraka.

Kasoro ya tano ni ufa. Wingu jeusi kama wino uliomwagika, lenye mistari ya rangi kuzunguka, humaanisha kwamba kioo cha ndani kimepasuka, hata kama kwa kidole uso ni laini. Hiyo haina tiba isipokuwa kubadili kioo, na kioo kipya hukaribia bei ya runinga nzima. Nyingi hupasukia njiani. Mzigo wa Dar es Salaam hupita Lindi, Mingoyo na Ndanda mpaka Masasi, kisha hupanda uwanda kuja Newala. Mwingine hutoka Mtwara kwa barabara ya Newala. Runinga bapa husafirishwa ikiwa imesimama wima, kamwe isilazwe chini ya magunia. Tungeomba makondakta wa mabasi yetu nao walisikie hili.

Kuna pia runinga za plazima, nzito, zenye kula umeme mwingi, ambazo makampuni makubwa yaliacha kuzitengeneza kufikia mwaka 2014. Hizo huweza kubaki na kivuli cha picha iliyokaa muda mrefu, kama nembo ya kituo cha habari iliyoonyeshwa hotelini miaka mitano. Kivuli hicho nacho huonekana vizuri tu pale kioo kinapokuwa na rangi moja tulivu.

NAMNA YA KUIKAGUA

Sasa tunakaribia kiini cha hoja yetu. Katika maduka mengi ya mtumba runinga huonyeshwa kwa video ya muziki au kwa mpira. Picha inakimbia, rangi zinabadilika, watu wanacheza, na mnunuzi anatazama wachezaji badala ya kutazama kioo. Nukta nyeusi haionekani kwenye shati jeusi. Nukta ya kijani haionekani kwenye nyasi za uwanja. Kuzeeka kwa taa hakuonekani katika picha ya usiku. Na kasoro zile zinazotokea runinga ikishapata joto hazionekani kabisa katika dakika tano.

Kinachotakiwa ni kitu rahisi mno: picha tano tupu, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, zilizowekwa kwenye flashi. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kuziandaa. Nyeupe hufichua nukta zilizokufa, vivuli na taa zilizozeeka. Nyeusi hufichua nukta zinazowaka daima na mwanga unaovuja pembeni. Rangi tatu hufichua vijisehemu vilivyoharibika. Kila picha itazamwe kwa utulivu wa dakika moja, kwanza kwa karibu, kisha kwa umbali wa hatua tatu. Baada ya hapo runinga iachwe ikiwaka nusu saa, na picha zile zirudiwe.

Isisahaulike kusoma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni wa volti 230. Runinga iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani huenda ikahitaji volti 100 tu, na ukiichomeka moja kwa moja ukutani utaiunguza. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240 ni salama. Vilevile runinga za Japani na Marekani zina vipokezi vya mifumo isiyo yetu, na za Ulaya za zamani zisizo na DVB-T2 hazitoshi, kwa hiyo mnunuzi ajumlishe bei ya king'amuzi. Na achomeke kitu katika kila tundu la HDMI na la flashi, maana tundu bovu huwa halisemi.

FARASI MWENYE CHONGO

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilijadili swali hili katika Summa Theologiae, sehemu inayohusu udanganyifu katika kununua na kuuza. Aliuliza: je, muuzaji anawajibika kuitaja kasoro ya kitu anachouza? Jibu lake lina pande mbili. Ikiwa kasoro imefichika na inaweza kumletea mnunuzi hatari au hasara, muuzaji lazima aiseme; asipoisema, mauzo hayo si halali na atawajibika kuifidia hasara. Lakini ikiwa kasoro iko wazi, hawajibiki kuitangaza, mradi apunguze bei inavyostahili. Na mfano alioutoa ni farasi mwenye jicho moja. Kila mwenye macho anaiona chongo ya farasi. Muuzaji hana haja ya kupiga mbiu.

Muuzaji wa runinga akisikia haya atafurahi. Atasema: "Hivyo ndivyo nilivyofanya. Niliiwasha mbele yake. Kama kulikuwa na chongo, alikuwa na macho." Hata sheria ya nchi inaonekana kumwunga mkono kwa sehemu, kwa kuwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, pamoja na kumlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa isiyofaa, haimlindi kwa kasoro ambayo ukaguzi alioufanya ulipaswa kuifichua.

Sisi tunaona hoja hiyo haisimami. Farasi ana chongo asubuhi, mchana na jioni. Hakuna namna ya kumsimamisha sokoni ili jicho bovu lisionekane, isipokuwa kumgeuza ubavu mmoja kuelekea ukuta. Na anayefanya hivyo, sote tutakubaliana kwamba ameificha chongo. Runinga si kama farasi. Kasoro yake huonekana au haionekani kutegemea picha iliyowekwa, na anayeichagua picha ni muuzaji. Anayeonyesha mpira pekee, huku akijua kwamba kuna mstari unaotokea kwenye weupe, amemgeuza farasi ukutani. Hakusema uongo kwa kinywa. Amesema kwa rimoti.

Kwa mantiki hiyo hiyo, muuzaji aliyeweka picha tano tupu mbele ya mnunuzi, akamwacha atazame, akamwambia, "Nukta ile pale unaiona, na bei nimeipunguza kwa ajili yake," huyo amemaliza wajibu wake. Mnunuzi akirudi baada ya mwezi kulalamikia nukta ile ile, hana kesi. Ukweli ulioonyeshwa humlinda muuzaji pia, jambo ambalo wafanyabiashara wetu hawalifikirii vya kutosha.

Iko hoja ya pili inayosikika mara nyingi: "Mimi mwenyewe nimenunua kwa jumla, zikiwa zimefungwa, sikujua." Hoja hii ina uzito, wala hatupendi kuipuuza, kwa sababu wengi wa wauzaji hawa ni vijana wetu wenye mtaji mdogo wanaobeba hatari kubwa. Lakini Thomas alilijibu hili nalo. Asiyejua kasoro ya kitu chake hana dhambi katika kukiuza. Akishaijua, anawajibika kumfidia mnunuzi. Kutojua kwa kweli kunaondoa hatia, ila hakuondoi deni. Na kutojua kwa kukusudia, yaani kuikataa nusu saa ya kujaribu ili usije ukagundua, hakustahili kuitwa kutojua.

WANAVYOIKATA KOROSHO YETU

Ndugu zetu wakulima hawahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali, kwa maana wanaliishi kila msimu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara mwaka 2007, korosho hupelekwa chama cha msingi, hupimwa na kutengwa madaraja, huhifadhiwa ghalani, na kuuzwa mnadani kupitia vyama vikuu kama TANECU kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa Masasi na jirani zake. Mnunuzi wa korosho hatazami gunia kwa nje akaridhika. Sampuli huchukuliwa, unyevu hupimwa, korosho hukatwa katikati mbegu kwa mbegu, na kiini kilichooza au kilichosinyaa huhesabiwa. Korosho isiyo na hali nzuri hupewa daraja la chini, na mkulima hulipwa kwa daraja hilo.

Mkulima huumia lakini hukubali, kwa kuwa kipimo kimefanyika wazi. Basi inakuwaje mtu yule yule, ambaye korosho yake ilikatwa mbele ya macho ya watu kabla hajalipwa shilingi, aichukue fedha hiyo hiyo na kununua kwa dakika tano kitu ambacho hakuna aliyekikata? Kipimo kilichotumika kwa jasho lake kitumike pia kwa bidhaa anayouziwa. Picha tano tupu na nusu saa ya kuwasha ndicho kisu cha kukatia runinga.

Wala tusidanganyane kwamba msimu ujao utafidia. Bei ya korosho haina mkataba na mtu. Wengi wanakumbuka Novemba 2018, minada ilipogomewa kwa sababu ya bei ndogo na Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jinsi malipo yalivyosubiriwa. Fedha ya msimu ni fedha ya mwaka mzima. Anayemwuzia mkulima runinga yenye ufa uliofichwa hamnyimi burudani tu; anachukua sare za shule na mbolea ya Januari.

WAJIBU WA WENGINE

Tungekuwa na upendeleo kama tungewalaumu wauzaji peke yao. Mnunuzi naye ana wajibu. Asiikuze nukta moja mpaka iwe ufa, kwa lengo la kumlazimisha kijana muuzaji ashushe bei chini ya haki. Thomas alisema waziwazi kwamba udhalimu katika biashara unaweza kutoka upande wowote. Wala mnunuzi asiivunje runinga kwa kuisafirisha vibaya, kisha akairudisha akidai ilikuwa hivyo.

Fundi naye ashike ukweli. Mteja anapoleta runinga yenye picha inayovunjika miraba, na fundi akajua kwamba antena ndiyo mbovu, asiifungue runinga na kutoza fedha ya "kurekebisha kioo". Na anapokuta ufa, aseme mapema kwamba hakuna dawa, kabla mteja hajaacha fedha ya kianzio. Tunawafahamu mafundi wa Newala na Masasi wanaofanya hivyo, na sifa yao imeenea bila tangazo.

Mwisho, tufikirie zinakokwenda runinga zilizoshindikana. Zile zenye taa za mirija zina zebaki; bodi zake zina risasi na metali nyingine. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unadai kwamba taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zisivushwe mipaka bila nchi inayopelekewa kuarifiwa na kuridhia. Hata hivyo, runinga inayoingia bandarini ikiwa inawaka kwa dakika tano na kufa Newala baada ya wiki tatu, imeingia kama bidhaa na imekuwa taka mikononi mwa maskini. Basi isichomwe moto nyuma ya nyumba, wala isitupwe korongoni. Mwachieni fundi: bodi, spika na vitaa vyake vinaweza kuponya nyingine mbili.

Wapendwa, tunayoyapendekeza hayahitaji bajeti wala kamati. Kila duka la runinga za mtumba, Masasi na Newala, liwe na flashi moja yenye picha tano tupu, na muuzaji aiweke mwenyewe kabla hajaombwa. Kila runinga iwashwe nusu saa mbele ya mnunuzi. Kasoro iliyojulikana iandikwe kwenye risiti pamoja na bei, pande zote mbili zitie sahihi. Muuzaji atakayeanza kufanya hivyo, tunaamini kabisa, hatakosa wateja. Na kesi za runinga zitapungua mlangoni petu, tukapata muda wa kushughulikia mengine.